Kuchagua dawa za kutoa mng'ao wa rangi ya metaliki

Waksi haiipi rangi ya metaliki ya gari mng'ao. Mng'ao unatoka kwa chembe bapa za alumini zilizolala ndani ya rangi kama magamba ya samaki, na juu yake kuna tabaka la klia lisilo na rangi. Mwanga wa jua hupita kwenye klia, hugonga chembe, kisha hurudi jichoni kupitia klia ileile. Klia ikiwa na ukungu, mikwaruzo au chumvi ya maji, mwanga unatawanyika mara mbili, ukienda na ukirudi. Hapo ndipo Toyota Fielder ya rangi ya fedha inapogeuka rangi ya sufuria iliyochakaa, ingawa chembe zake za alumini ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ni waksi gani nzuri. Uliza ni kitu gani kimekaa kati ya jua na zile chembe, kisha ununue dawa ya kukitoa. Gari la Nakuru na gari la Kisumu hayatajibu sawa.

Soma bamba kabla ya kwenda dukani

Magari mengi ya barabara zetu yametoka Japani, na kila moja lina namba ya rangi. Kwa Toyota, tafuta bamba dogo la chuma kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, usome mstari wa C/TR. 1F7 ni fedha, ile ya Probox na Premio zisizohesabika. 1G3 ni kijivu cha metali. 209 ni nyeusi yenye chembe za maika, madini yanayometameta. 070 ni nyeupe ya lulu. Lakini 040 ni nyeupe tupu na 202 ni nyeusi tupu; ndani yake hamna chembe, na hakuna dawa itakayotoa kisichokuwemo.

Namba hii inabadilisha ununuzi wako. Rangi ya fedha huficha mikwaruzo midogo, na kinachoiua ni uchafu uliojishika na madoa ya maji. Mwenye 1F7 aweke pesa nyingi kwenye dawa za kusafisha na kidogo kwenye polishi. Nyeusi, bluu iliyokolea na kijivu ni kinyume chake: kila mkwaruzo wa kitambaa huonekana kama utando wa buibui kuzunguka jua, na chembe hupotea nyuma ya utando huo. Hapo polishi ndiyo kazi yenyewe. Nyeupe ya lulu hutumia maika badala ya alumini, na adui yake mkubwa ni umanjano wa udongo na vidoa vya rangi ya chungwa, yaani vumbi la chuma lililoanza kushika kutu.

Paneli iliyopigwa rangi upya ipime peke yake. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi, sugua taratibu sehemu iliyofichika. Kitambaa kikitoka na uchafu wa kahawia tu, klia ipo. Kikitoka na rangi ya gari, au kijivu cha risasi kwa gari la fedha, acha hapo hapo: klia imeisha au haikuwekwa, na unachosugua ni chembe zenyewe. Vilevile, ukiona mabaka meupe yanayobambuka kwenye paa na boneti, usinunue chupa yoyote. Klia imekufa, na paneli hiyo ni ya fundi wa rangi, ipigwe rangi ya msingi na klia upya. Ikishapigwa na kukauka kwa hewa tu, bila oveni, usiipake waksi wala silanti (kinga ya kutengenezwa, mfano wa waksi) kwa siku 30 angalau, maana viyeyusho vinahitaji njia ya kutoka.

Chunguza klia kwa macho na vidole

Osha gari, likaushe, kisha lipeleke kivulini. Washa tochi ya simu, ishike karibu na paneli huku ukitazama pembeni mwa mwanga. Mikwaruzo itajichora duara kuzunguka taa. Kisha vaa kifuko chembamba cha nailoni mkononi, kama kile cha kufungia mkate kikiwa kimeoshwa, na upitishe vidole juu ya boneti. Nailoni hukuza kile ambacho ngozi haisikii. Ukihisi chengachenga, kuna uchafu ulioshikamana ambao sabuni haikuuondoa.

Mwisho, lowanisha sehemu iliyofifia. Ikirudi kung'aa ikiwa na maji na kufifia ikikauka, juu ya klia kuna mikwaruzo midogo au klia imeanza kuchakaa kwa jua. Maji yalijaza mabonde kwa muda tu. Hiyo ni habari njema, kwa sababu polishi inaweza kuisawazisha.

Kuosha: hapa ndipo mikwaruzo mingi huzaliwa

Vumbi la Bonde la Ufa ni la kuogopwa. Asili yake ni majivu ya volkano, na pale Kariandusi karibu na Gilgil huchimbwa diatomaiti, unga wa silika unaotumiwa duniani kama kisuguo laini. Ukipangusa gari lenye vumbi la aina hiyo kwa kitambaa kikavu, unalipiga msasa. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga nao hubeba punje za mchanga ngumu kuliko klia. Sheria ni ileile kote: maji kwanza, mkono baadaye.

Nunua shampoo ya gari isiyo na asidi wala magadi, iliyoandikwa pH 7 au karibu na hapo. Sabuni ya unga ya nguo na sabuni ya vyombo hudhoofisha kinga uliyolipia. Sabuni ya vyombo ina kazi moja tu, siku unayotaka waksi ya zamani itoke kabla ya polishi. Kipimo cha kawaida ni mililita 30 za shampoo kwa ndoo ya lita 10, lakini fuata chupa yako. Ukizidisha haiwi safi zaidi, bali huacha utando unaofifisha.

Tumia ndoo mbili: moja ya shampoo, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya paneli. Glavu ya maikrofaiba ni bora kuliko sponji, kwa sababu nyuzi zake humeza mchanga ndani wakati sponji huuburuta juu. Mashine ya presha ishike sentimita 40 hivi kutoka kwenye rangi. Anza paa, malizia sehemu za chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake.

Gari likioshwa na vijana wa car wash, wape glavu yako na taulo zako, na uwaombe wasipitishe kitambaa kilichotoka kwenye rimu. Wakatalie kwa upole pia ule mchanganyiko wa mafuta ya taa au dizeli wa kupakia mwishoni ili gari "liwake". Linawaka kweli hadi jioni, kisha vumbi lote la njia hujishika juu yake.

Kuosha kwenye ufuo wa ziwa Kisumu hakufai. Maji ya ukingoni yana mchanga na mwani, na sabuni na mafuta yako huishia kwenye maji ambayo watu huvua na kuchota.

Suuza ya mwisho ndiyo iliyosahauliwa na wengi. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, na yakikaukia kwenye boneti ya moto huacha duara nyeupe. Kinga maji ya mvua, uache dakika za kwanza zioshe mabati, kisha uhifadhi mtungi mmoja wa lita 20. Maji ya mvua karibu hayana madini. Yamwage taratibu bila presha, yatelemke kama shuka, halafu ukaushe kwa taulo nene ya maikrofaiba yenye gramu 500 au zaidi kwa mita mraba. Huku Magharibi mwa Kenya ambako mvua haikosi, hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Kutoa kilichojishika

Kabla ya polishi, klia lazima iwe tupu kabisa, la sivyo pedi ya kupakia polishi itauzungusha uchafu huo na kuchora mikwaruzo mipya. Dawa zake ni tofauti, wala usizinunue zote kama huzihitaji.

Lami hutoka barabara inayotengenezwa, na hukaa nyuma ya matairi na chini ya milango. Nunua dawa ya kutoa lami, pulizia, subiri dakika moja au mbili, futa bila kukandamiza. Mafuta ya taa pia huyeyusha lami, lakini huacha mafuta yake. Ukiyatumia, osha sehemu hiyo kwa shampoo mara moja.

Vumbi la chuma hutoka kwenye breki na reli. Dawa yake hugeuka zambarau inapokutana na chuma, kwa hiyo utaona yenyewe kama ulikuwa na haja nayo. Pulizia kwenye paneli baridi, kivulini, iache dakika tatu hadi tano, suuza kabla haijakauka. Ikikaukia inaweza kuacha madoa. Harufu yake ni kali, basi fanyia kazi nje na uvae glavu.

Wadudu wa ziwa ni kesi ya Kisumu, Homa Bay na Busia. Bampa na kioo cha mbele huvikwa nao jioni moja, na majimaji yao hula klia yakichomwa na jua la kesho yake. Usiwakwangue. Lowanisha taulo kwa maji ya shampoo, ilaze juu yao dakika kumi, kisha vuta taratibu. Kinyesi cha ndege kitendee vivyo hivyo, na upesi zaidi, maana mtu anayeegesha chini ya mti wa makorongo anaweza kukuta alama iliyozama ndani ya klia kabla ya wiki kuisha. Masizi ya miwa iliyochomwa, kule Mumias na Muhoroni, yasuuzwe kwa maji mengi kwanza. Ukiyafuta makavu unayapaka.

Madoa ya maji yasiyotoka kwa shampoo, changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa. Loweka kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, kisha suuza kwa maji mengi. Siki huyeyusha madini. Kama bado unaona kivuli cha duara, madini yamekula klia na kuacha shimo dogo; siki haina kazi tena hapo, ni zamu ya polishi.

Baada ya hayo yote, rudia kipimo cha nailoni. Bado kuna chengachenga? Sasa nunua klei, ule udongo mlaini wa kunasa uchafu. Kipande cha gramu 50 kinatosha gari zima la saluni. Chagua daraja laini. Daraja kali hutoa uchafu haraka lakini huacha ukungu ambao kwenye 209 utakugharimu siku nzima ya polishi. Pulizia maji yenye shampoo kidogo, mililita 10 kwa lita, telezesha klei mstari mnyoofu bila nguvu, ikunje kila inapochafuka. Ikianguka chini, itupe. Punje moja ya mchanga ndani yake ni kisu.

Polishi: kazi yenyewe

Dukani utakuta chupa tatu zinazofanana, zenye kazi tatu tofauti. Kompaundi hukata: ina visuguo vikali vya kusawazisha mikwaruzo mirefu. Polishi ya kumalizia ina visuguo laini, hutoa ukungu na kurudisha uwazi. Glezi haikati chochote, hujaza mikwaruzo kwa mafuta na vijazio. Kwa Meguiar's, kwa mfano, M105 ni ya kukata na M205 ni ya kumalizia.

Glezi ndiyo huwapoteza watu. Gari hutoka yadi likimeremeta, na baada ya kuoshwa mara tatu au nne utando wa buibui unarudi kama ulivyokuwa, kwa sababu haukuondoka. Ukitaka kujua ukweli, pangusa sehemu ndogo kwa isopropili alkoholi iliyozimuliwa: mililita 200 za ile ya asilimia 70 kwa mililita 800 za maji. Usitumie spiriti ya kuoshea vidonda bila kusoma lebo, kwani nyingi huongezwa mafuta ya mbarika, na mafuta ndiyo unayotaka kuyatoa.

Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja. Kila polishi inapunguza kidogo, na klia haioti tena. Kwa hiyo anza na iliyo laini kuliko zote. Chagua eneo la majaribio la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti, tumia polishi ya kumalizia na pedi laini ya sponji. Mikwaruzo ikibaki, badilisha pedi iwe ya kati, polishi ileile. Ikibaki tena, ndipo kompaundi iingie, na baada yake lazima urudi kwenye polishi ya kumalizia. Wengi huishia kwenye kompaundi. Gari la fedha litawasamehe, lakini bluu iliyokolea itawaonyesha mawingu ya kijivu juu ya kila chembe.

Kwa mashine, nunua au kodi ya DA, inayozunguka huku ikitetemeka, yenye pedi ya inchi 5. Mashine ya kuzunguka tu hukata haraka na hupasha joto haraka, na mikononi mwa asiyeizoea huchoma kingo za boneti na kuacha mawimbi ya mwanga yanayoonekana jua likiwa upande. Tia matone manne ya ukubwa wa kunde kwenye pedi. Sambaza kwa mwendo mdogo, panda hadi mwendo wa nne kati ya sita, pita mara nne hadi sita, kwa urefu kisha kwa upana, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Peleka mashine sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Paneli iwe vuguvugu mkononi, isiunguze. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo kali na plastiki nyeusi, maana rangi ya kingoni ni nyembamba na polishi iliyokaukia kwenye plastiki huacha weupe sugu.

Safisha pedi kwa brashi kila paneli na uwe na tatu au nne kwa gari. Pedi iliyojaa klia iliyosuguliwa haikati tena, inachora. Vumbi jeupe jingi likiruka, umeweka kidogo mno au pedi ni kavu. Polishi ikiteleza na kulowa bila kufanya kazi, umeweka nyingi mno.

Bila mashine bado unaweza. Nunua dawa ya yote kwa moja, yenye visuguo laini na kinga pamoja, na kisponji cha mkono. Fanya sentimita 30 kwa 30, mistari minyoofu, dakika mbili kila eneo. Mikwaruzo mirefu itabaki, lakini ukungu utatoka, na kwa rangi ya fedha huo ndio sehemu kubwa ya tatizo.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na jua la pale hupasha boneti kabla ya saa nne asubuhi. Fanya kazi kivulini, alfajiri au jioni. Dawa ikikauka kabla ya kumaliza kazi yake, usiisugue kwa nguvu; ongeza tone jipya, litailainisha.

Kinga: chagua kwa rangi na kwa hali ya hewa

Kabla ya kinga, pangusa gari zima kwa ule mchanganyiko wa alkoholi. Silanti iliyopakwa juu ya mafuta ya polishi haishiki, na watu huilaumu chupa.

Waksi ya kanauba, inayotokana na mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, hutoa kina chenye joto. Kwenye nyekundu na nyeusi inapendeza, ila hulainisha kidogo makali ya chembe, na kwa jua letu tarajia wiki nne hadi nane. Kwa fedha, kijivu na nyeupe ya lulu chagua silanti ya kutengenezwa. Huacha uso kama kioo, chembe zinachomoza, na hudumu miezi minne hadi sita. Mililita 30 zinatosha gari la saluni. Paka nyembamba hadi ukaribie kutoiona. Ukipaka nene hupati kinga zaidi, unapata kazi ya kuifuta tu.

Seramiki ya kupulizia ni njia ya kati iliyo rahisi, na kwa gari la kila siku inatosha. Seramiki ya kupakwa, ya kudumu miaka, hufungia chini yake kila mkwaruzo ulioachwa, na kuitoa ni polishi upya. Isipakwe kabla paneli haijapita kipimo cha tochi. Pia inahitaji saa 12 hadi 24 bila maji, na katika msimu ambao Kisumu hunyeshewa kila alasiri, mtu asiye na gereji iliyoezekwa asiianze.

Ukifuta kinga, tumia taulo fupi ya gramu 350 hivi, isiyo na mshono mgumu pembeni. Fulana ya mtumba ina mishono inayochora. Fua taulo za maikrofaiba peke yake bila dawa ya kulainisha nguo, inayoziba nyuzi, na uzianike kwenye kamba, si kwenye nyasi wala ua wa michongoma.

Kila mwezi tazama maji yanavyokaa kwenye boneti. Yakiacha kufanya matone ya duara na kuanza kulala kama dimbwi, usikimbilie kupaka tabaka jipya. Tumia dawa ya kutoa chuma au siki kwanza, kwa sababu mara nyingi kinga bado ipo chini na uchafu umeifunika. Matone yakirudi, umeokoa chupa. Yasiporudi, osha, pangusa kwa alkoholi, upake upya.